Saruji Hutoka kwa Maji

Kwetu sisi hakuna aliyekuwa mgonjwa wa ngozi. Baba alikuwa na saruji, shangazi alikuwa na sabuni, na marehemu babu, kwa nilivyosimuliwa, alikuwa na chokaa. Hivyo ndivyo tulivyosema, na tulisema bila kucheka. Baba ni fundi mwashi, kwa hiyo magamba meupe ya viwikoni na magotini mwake yalikuwa ya saruji. Shangazi, dada yake, hufua nguo za watu, kwa hiyo mikono yake ilibanduka kwa sabuni. Babu alipaka nyumba chokaa. Kila mtu na kazi yake, kila kazi na alama yake. Ukiniuliza ilikuwaje watu wazima wenye akili timamu wakaamini jambo kama hilo, nitakwambia hawakuliamini. Aliyeamini ni mimi.

Na niseme mapema: mimi si mtu wa kuongea polepole. Mama hupenda kusema nilizaliwa nimeshakasirika, mkunga akaniomba radhi. Kwa hiyo mkinisikia napandisha sauti, vumilieni, nitashuka.

Baba watu humwita Timazi. Timazi ni kile kichuma kinachoning'inia kwenye uzi, fundi anakishika juu ya ukuta kupima kama umesimama wima. Walimwita hivyo kwa sababu ukuta wake haupindi, na walisema hata neno lake halipindi. Akikuambia tofali hizi zinatosha, zinatosha. Akikuambia msingi huu utapasuka, anza kutafuta pa kuhamia. Nilikua nikisikia sifa hizo barabarani, kwenye foleni ya maji, kila mahali, na nilitembea kichwa juu. Mtoto wa Timazi, mchezo?

Kila jioni baba akishaoga alikaa kwenye kigoda cha uani, akavua shati, na mama akampaka mafuta mgongoni, viwikoni, magotini, akisugua taratibu. Hilo tuliliita kumtoa fundi saruji. "Nyamazeni kwanza, namtoa fundi saruji," mama alisema, na mimi na kaka yangu tukanyamaza. Hatukuwahi kujiuliza saruji gani hiyo inayotolewa kila siku na kesho yake ipo palepale.

Likizo zote nilikuwa saidia fundi wake. Kaka yangu jua lilikuwa halimpendi, akiona karai anaumwa kichwa. Mimi nilichekecha mchanga, nikakoroga, nikabeba, na baba akienda kunywa chai nilichukua mwiko wake nikapiga lipu. Siku ya kwanza aliponikuta nimeshafunika nusu ya ukuta nilidhani nitachapwa. Alishika timazi lake, akafumba jicho moja. Akaweka pima maji. Kisha akawaita mafundi wenzake waje waone. "Huyu mkono wake una lipu," alisema. Mafundi hawana sifa nyingi za kugawa, na hiyo ndiyo kubwa waliyonayo.

Nilipomaliza shule sikutaka kingine. Nilitaka mwiko. Nilimwambia baba, naye akanikalisha ukingoni mwa kitanda, akakunja suruali mpaka juu ya magoti, akachukua mkono wangu akauweka juu ya goti lake.

"Shika. Unaliona?"

Lilikuwa kavu, na unga mweupe ukabaki vidoleni mwangu.

"Hii ndiyo saruji, mwanangu. Mimi ni mwanamume, nimeshaoa, nimeshazaa. Wewe ni msichana. Nani atakuchukua na ngozi kama hii? Siwezi kusimama nikaitazama saruji inakula mwanangu."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba analia, hata siku ya mazishi ya bibi. Basi na mimi nikaangua kilio, nikamwapia kwamba sitashika mwiko tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa yake ya mafuta. Hakusema neno.

Nilimpenda kwa hilo, jamani. Nilihadithia wenzangu: baba yangu ananipenda mpaka amekubali kumkosa saidia fundi aliyemzidi yeye mwenyewe, yaani mimi, kwa kuihurumia ngozi yangu. Wenzangu walisema wao baba zao hata hawajui kama wamemaliza shule.

Nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi kwenye duka la kutoa nakala, na hapo ndipo ujana wangu ulipoishia. Naijua kazi yangu. Karatasi ikinasa nafungua ubavu wa mashine naitoa bila kuichana. Wino ukikaribia kwisha nautikisa, unasogeza siku nyingine mbili tatu. Ni kazi safi, ya kivulini. Lakini nikipita penye nyumba inayojengwa, nikasikia mwiko unakwaruza karai, nilikuwa naharakisha kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mchumba wake wa zamani. Na kuhusu ile ya nani atakuchukua, sikuchukuliwa. Ngozi yangu ilikuwa laini kama nini, na bado nalala chumba cha nyuma nyumbani kwa wazazi wangu. Kwa hiyo hata hapo nilikula hasara.

Doa la kwanza lilitokea kwenye kiwiko cha kulia. Nikasema ni kuegemea kaunta. Likatokea la pili kiwiko cha kushoto, nikasema basi naegemea kote. Kisha likaja nyuma ya sikio, na hakuna mtu anayeegemea kaunta kwa sikio. Muuza dawa alinipa dawa ya fangasi, nikapaka mpaka tyubu ikawa bapa. Jirani alisema ni mba, mwingine akasema nimebadilisha sabuni. Madoa yakapanuka, mekundu chini, magamba meupe juu, na nikijikuna yananidondokea kwenye sketi.

Kazini wakaanza kuona. Mteja mmoja, mwanamke mwenye kucha zilizopakwa rangi vizuri, alipokea karatasi zake kwa ncha za vidole halafu akazipuliza. Akazipuliza, mbele yangu! Bosi wangu si mtu mbaya, aliniita pembeni akasema, "Dada, kaa kule nyuma kwenye mashine kwa muda. Hapa mbele atakaa mwenzako." Nikajua hiyo "kwa muda" haina mwisho. Nikahamia nyuma, kwenye joto la mashine, nikawa nasikia sauti za wateja bila kuwaona.

Jioni ile nilimwonyesha mama. Alikitazama kiwiko changu kwa muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau kama nipo.

"Ni wino huo," akasema.

"Wino gani mweupe, mama?"

"Wino wa siku hizi," akasema. "Una madawa mengi."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikakubali. Baba saruji, shangazi sabuni, na mimi sasa nimepata wangu, nimekuwa mtu mzima.

Kilichonizindua ni chumvi. Tulikuwa tunakula, mimi na baba tukanyoosha mkono kuichukua kwa pamoja, viwiko vyetu vikatua mezani bega kwa bega. Doa lake kubwa, langu dogo, lakini ni mahali palepale, umbo lilelile, hata ule mkia unaoshuka kuelekea kwenye mkono. Niliinua macho. Baba naye alikuwa anaangalia viwiko. Akakiondoa chake haraka, akala chakula chote kilichobaki bila chumvi.

Nikaomba ruhusa kazini nikaenda kwa daktari wa ngozi. Alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani, mikono yake ya joto. Alinigeuza juani, akakwaruza kidogo, akatazama nyuma ya masikio na kwenye kucha. Akaniambia jina, soriasisi, akanieleza kwamba haiambukizi, kwamba huja na kuondoka inavyotaka, kwamba haing'oki moja kwa moja lakini hutulizwa. Kisha akauliza, "Kwenu kuna mtu mwenye hali kama hii?"

"Hakuna," nikasema. "Baba ana saruji tu."

Akashusha kalamu. "Ana nini?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini nilieleza kwa kujivuna, kama mtu anayesimulia makovu ya askari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Amewahi kukaa bila kushika saruji? Muda mrefu?"

Nilitaka kusema hapana, halafu nikakumbuka. Nikiwa mdogo baba alianguka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika mguu, akakaa ndani karibu mwaka mzima. Hakugusa hata kokoto. Na mama alimpaka mafuta kila jioni ya mwaka ule, na magamba yalikuwepo kila jioni ya mwaka ule, tena yalizidi.

"Saruji inaweza kuichokoza ngozi ya namna hii," daktari alisema, "ila haiizai. Hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Mmoja inampata, mwingine haimgusi kabisa. Saruji yenyewe, dada yangu, hutoka kwa maji."

Nilishukuru, nikachukua dawa zangu, nikatoka. Barabarani nikakaa kwenye ngazi za duka la watu, nikalia. Mtu asidhani nililia kwa sababu ya ngozi. Ngozi ni ngozi, watu wanaishi nayo. Nililia kwa sababu ya mwiko wangu. Miaka yote hiyo ya karatasi! Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji ni baba yangu mzazi, na alilia machozi ya kweli wakati ananiuzia.

Sikuwa na hakika bado. Kushuku ni kushuku tu. Nilijiambia labda baba naye hakujua, labda alidanganywa na baba yake kama nilivyodanganywa mimi. Nilitamani iwe hivyo. Nilitaka nimkute ni mjinga, maana mjinga ningemsamehe siku hiyohiyo.

Nilimkuta mama jikoni. "Mama, baba anajua kwamba ile si saruji?"

Alifunika sufuria, akafunua, akafunika tena. "Mambo ya baba yako muulize baba yako."

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayempaka."

"Kupaka ndiyo kazi yangu. Kusema haikuwa kazi yangu." Hakunitazama. Kumbe hata mama! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zenyewe walinifulia wao.

Kesho yake sikwenda dukani. Nilimfuata baba kazini kwake, kwenye nyumba ya mama mmoja aliyekuwa anaongeza chumba cha nje. Baba alikuwa anapiga lipu, peke yake, maana saidia fundi wake hakutokea. Nilisimama nyuma yake. Mkono wake umezeeka, unatetemeka kidogo mwiko ukiwa juu. Nilikunja mikono ya blauzi yangu yote miwili.

"Baba, geuka."

Akageuka, akaona. Hakuuliza nini.

"Ulijua?"

Timazi, mtu ambaye neno lake halipindi. Alitazama karai lake. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujazaliwa. Daktari aliniambia ni ya ukoo." Aliuchomeka mwiko kwenye lipu. "Sikiliza, mwanangu. Fundi mgonjwa nani anamwingiza chumbani kwake? Anagusa kuta zao, anakunywa kwenye vikombe vyao. Lakini fundi mwenye saruji, kila mtu anamkaribisha. Wanamsifu hata. Neno moja tu lile, ndilo lililowalisha ninyi."

"Hilo nimekuelewa," nikasema, na kweli nilimwelewa, na ningeishia hapo. "Mimi sikuulizi kuhusu watu. Mimi kwa nini uliniambia? Kwa nini ulininyang'anya mwiko?"

Alikwangua kwa kucha saruji iliyokauka ukingoni mwa karai. Nilisikia mahali fulani mtu anapigilia msumari.

"Ungeingia kwenye saruji," alisema mwishowe, "ukafanya kazi mwaka, miaka miwili, ukatoka na ngozi yako safi kama kioo. Watu wangeniuliza yangu ni saruji gani."

Mmesikia? Hakunikataza kwa kuihofia ngozi yangu. Aliogopa kwamba sitaugua! Aliogopa nitabaki mzima, uongo wake ukose pa kusimama. Yale machozi ukingoni mwa kitanda yalikuwa ya kujililia mwenyewe. Nilimwambia. Nilimwambia kwa sauti ambayo sitaiandika hapa, na maneno mengine mtoto hapaswi kumwambia mzazi, na sijutii hata moja.

Alisimama akayapokea yote. Kisha akauchomoa mwiko, akanigeuzia mpini. "Chukua basi," akasema. "Chukua, piga. Mimi mkono umekwisha."

Ningeutupa, lakini vidole vilikuwa vimeshaufunga. Mjinga mimi. Nikachota, nikarusha, lipu ikashika. Nikachota tena. Bega lilikumbuka, kifundo cha mkono kikakumbuka, na ule mlio. Hasira ilikuwa palepale na wakati huohuo nilikuwa na furaha, vyote viwili kwa pamoja, sijui kama vinaruhusiwa. Baba alinisogezea karai. Kwa muda mfupi alikuwa saidia fundi wangu.

Ndipo mama mwenye nyumba akaja na jagi la maji ya kunywa. "Heee, fundi, leo umeleta fundi mwanamke!" Akanisogelea kunipa bilauri, akakiona kiwiko changu. Mkono wake ukasita na ile bilauri. "Na hiyo ni nini, dada?"

"Saruji hiyo," baba akasema, haraka, kabla sijafungua mdomo. Akacheka kile kicheko chake cha wateja. "Ndiyo kazi yetu, mama."

Sikuwa na nusu saa kwenye saruji.

"Si saruji," nikasema. "Ni ugonjwa wa ngozi. Hauambukizi, usiogope. Nimeurithi."

"Pole, mwanangu," yule mama akasema, na akanipa bilauri mkononi kabisa, vidole vyake vikagusa vyangu. Hivyo tu. Wala hakukimbia. "Umerithi kwa nani?"

 Nilimwachia baba ajibu. Nilimtazama nikamwombea, kweli nilimwombea: sema, baba. Mtu mwenyewe huyu hapa, ameshanishika mkono, hajafukuza mtu. Sema neno moja tu tukaanze upya. Niko tayari kusahau mashine, kaunta, kila kitu.

Baba akajifuta jasho kwa kiganja.

"Upande wa mama yake," akasema.

Mama mwenye nyumba akatazama kiwiko changu. Akatazama na cha baba, kando yangu, vyote viwili juani, na mikia yake. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuziwa samaki wa jana na anajua, akaondoka na jagi lake.

Ningeondoka papo hapo, lakini lipu haisubiri mtu amalize hasira zake, ikikauka nusu imeharibika. Nilimaliza ule ukuta. Nilisawazisha, nikapitisha sponji, nikautazama na kuuona umenyooka. Nikauosha mwiko, nikaufunga kwenye kitambaa, nikautia mkobani mwangu. Baba aliniona. Hakuudai.

Mama alikuwa uani anakunja nguo zilizokauka. Nilimweleza yote, hata nilichomtukana baba. Aliendelea kukunja.

"Halafu yule mama akauliza nimerithi kwa nani. Baba akasema upande wako."

Mikono yake ikasimama. Alikuwa ameshika shati la baba.

"Amesema upande wangu?"

"Mbele yangu."

"Upande wangu," mama akarudia. "Mama yangu alizikwa na ngozi kama ya mtoto." Akaliweka lile shati chini bila kulikunja. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, labda jioni zote zile, labda siku ile mlangoni aliponyamaza na chupa yake mkononi. Niliingia ndani nikamwacha.

Jioni baba alirudi. Akaoga, akakaa kwenye kigoda chake, akavua shati, akatugeuzia mgongo kama kawaida. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani. Tulisubiri wote watatu, kila mmoja na lake.

"Mama watoto," baba akaita. "Mafuta."

Mama akatoka na chupa. Akampita. Akaja kukaa kando yangu, akauvuta mkono wangu mapajani mwake, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kunipaka kiwiko, taratibu, kwa kuzungusha, kama nilivyomwona akifanya maisha yangu yote.

"Huu si wino," akasema. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kigodani.

Baba alikaa na mgongo wake wazi, magamba yameushika wote. Upepo wa jioni ulikuwa umeanza.

"Na mimi je?" akauliza, bila kugeuka.

"Wewe yako ni saruji," mama akasema. "Rudi ukaoge, itatoka."